Nisimulie Siku Ile Hadi Mtoni

Namikunda, Msumbiji
23 Mei 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu huku nikijua kwamba salamu yoyote kwa sasa ni mzigo kwako kuipokea. Wasalimie kaka Romanus, mkewe na watoto, na majirani wa Majengo walioshinda nawe msibani. Huku tuko wazima. Recho wa kwaya alishikwa na homa siku mbili tulipofika, ila sasa ameinuka na anapika.

Padre Joachim alipotufuata alitueleza kwamba Baba Mkubwa alizikwa Alhamisi na kwamba watu walijaa hadi barabarani. Nilifurahi kusikia, kama neno kufurahi linafaa.

Mama, sikuja kuzika. Dawa zote za misheni zilikuwa zimeandikwa kwa jina langu kwenye karatasi za forodha. Kama ningerudi Songea zingezuiliwa mpakani, na huku wagonjwa walikuwa wameshaanza kukusanyika. Padre aliniuliza, nikasema nitaendelea. Nisamehe.

Hapa Namikunda hakuna mtandao wa simu. Barua hii anakuletea Azizi, mfanyabiashara wa Songea anayeleta sabuni na nguo huku kila baada ya wiki mbili tatu. Duka lake liko nyuma ya soko. Ukitaka kunijibu mpe yeye, ni mwaminifu.

Kuhusu siku ile, nakuandikia machache tu. Baba Mkubwa alisafiri kwa furaha na hakuteseka. Mwisho alisema: "Mwambie mama yako namshukuru kwa yote." Nimeona neno hilo likufikie mapema, labda litakutuliza.

Mwanao,
Dorine


Majengo, Songea
10 Juni 2024

Dorine mwanangu,

Marahaba. Milele amina. Barua yako imefika. Huyo Azizi aliikunja ndani ya kofia yake, akaitoa ikiwa na joto la kichwa chake. Nilimpa chai, akaomba dua fupi kwa ajili ya marehemu, akaondoka.

Sisi tupo. Baridi imeanza na asubuhi ukungu unakaa mpaka saa nne. Romanus ameomba ruhusa shuleni kwake Madaba, yuko hapa ananisaidia kuvuna. Mahindi ni mazuri. Baba yako mkubwa aliyapalilia mwenyewe mara mbili na sasa tunayavunja sisi. Mkewe Romanus ana mimba, nadhani hukujua. Cherehani yangu imeharibika mkanda, na kwaya wananidai majoho kumi na mawili ya Sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, basi nashona kwa mkono kama zamani.

Kwamba hukuja kuzika, watu wamesema, na wewe unajua watu wa hapa. Mimi sijasema kitu. Ila nimeisoma ile sehemu uliyoandika "Padre aliniuliza". Kumbe uliulizwa.

Sasa nina ombi moja. Nilikulea tangu mama yako alipofariki ukiwa na miaka sita, sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Nisimulie siku ile ya kwanza ya safari, tangu pale kanisani. Mimi sikufika kuwaaga, mguu uliniuma. Padre amenieleza, lakini yeye alikuwa mbele kwenye gari, na wewe ndiye uliyekuwa na baba yako mkubwa. Nataka kujua alikaa wapi, alikula nini, alicheka na nani. Umeandika alisafiri kwa furaha. Hiyo furaha niandikie vizuri, maana mimi ndiye niliyebaki nyumbani.

Na hilo neno la kunishukuru kwa yote, nimelipokea. Miaka arobaini na tatu niliyoishi na Osmund sikuwahi kumsikia akisema hivyo.

Mama yako mkubwa,
Kunegunda


Namikunda
27 Juni 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Hongera kwa mavuno, na mwambie wifi nimefurahi sana. Anywe maji ya kutosha na ahudhurie kliniki mapema, asingoje tumbo lionekane. Mimi naendelea na kazi. Kwa siku naona watu sitini, sabini, wengi ni Wayao na Wanyanja, na wapo wazee wanaosema Kingoni kama chetu kabisa. Bibi mmoja aliposikia ninatoka Songea alinishika mashavu akalia. Babu yake alitoka huko.

Umeomba siku ile, basi ilikuwa hivi.

Tulikutana kanisani saa kumi na moja na nusu alfajiri, Jumanne ile ya tarehe kumi na nne. Tulikuwa tisa. Kulikuwa na lori lililobeba dawa, na mabati na mbao za kanisa la huku Namikunda, na Landkruza ya parokia. Baba Mkubwa alifika kwa miguu amevaa lile koti lake la kahawia, sanduku la vifaa begani. Kijana mmoja alitaka kumpokea, akamwambia, "Hili likibebwa na mtu mwingine, misumeno inanuna." Padre alitubariki, Recho akaanzisha wimbo, tukapanda.

Baba Mkubwa alikataa kukaa kwenye Landkruza. Alisema mbao zake haziwezi kusafiri peke yazo, akakaa kwenye lori karibu na dereva. Tulipopita Likuyufusi na kuacha lami alitoa kichwa dirishani na kutupungia sisi tuliokuwa nyuma, uso umejaa vumbi jekundu. Dereva wa lori alitusimulia baadaye kwamba kila kijiji alikuwa na la kusema. "Paa lile nililipiga mimi mwaka tisini na tatu. Lile pale siyo langu, unaona lilivyopinda?"

Muhukuru tulisimama kula. Wanawake wa parokia walikuwa wametupikia ugali, maharage na kambale wa kukausha. Alikula vizuri. Aliwasimulia kwamba alipokuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, akijifunza useremala Peramiho, alichaguliwa aende na mafundi kujenga kanisa ng'ambo ya mto wa mpakani, lakini huko kulikuwa na vita, safari ikafutwa. "Nimekuwa mwanafunzi wa safari hii miaka arobaini na minne," alisema, wakacheka wote.

Baada ya chakula nilimwambia ahamie kwenye Landkruza, akakubali. Alikaa kiti cha nyuma, mimi kando yake. Kulikuwa na joto, njia ni ya mchanga. Tukakaribia mto.

Mama, karatasi imeisha. Nitaendelea siku nyingine.

Mwanao,
Dorine


Majengo
14 Julai 2024

Dorine,

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma, kisha nikamwita Romanus anisomee kwa sauti. Alipofika pale pa paa lililopinda tulicheka mpaka majirani wakachungulia. Ni yeye kabisa. Hata harusini alikuwa anatazama juu kwenye kenchi za paa badala ya kunitazama mimi.

Lakini karatasi haikuisha. Nimeigeuza. Nyuma ni peupe.

Habari za nyumbani: mahindi tumepukuchua, magunia yamo ndani. Mkewe Romanus anatapika sana. Majoho yaliisha siku moja kabla ya sikukuu, mawili yalikuwa mafupi, wakavaa hivyo hivyo.

Sasa kuna jambo, bora ulisikie kwangu. Romanus alikuwa halali vizuri tangu msiba. Alikuwa anasema mzee wa miaka sitini na sita alipelekwaje safari ile bila kupimwa. Juma lililopita alikwenda ofisi ya parokia, akaambiwa wote mlipimwa, akapewa nakala ya fomu ya baba yake. Imeandikwa presha mia moja thelathini kwa themanini. Chini kuna sahihi yako.

Romanus aliitazama, akasema, "Basi alikuwa mzima. Dorine alimwona mzima." Ameikunja na kuiweka katika Biblia yake. Naona imempa amani kidogo, kwamba ni kazi ya Mungu na hakuna aliyekosea.

Mimi sijui mambo ya namba, sikuulizi kitu. Nakuandikia tu kilichopo hapa nyumbani.

Kunegunda


Majengo
18 Agosti 2024

Dorine,

Azizi amepita mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Mama, Dada Dorine alikuwa na wagonjwa wengi, hakuwahi kuandika." Mara ya pili alisimama mlangoni akavua kofia, akanionyesha ndani hamna kitu. Nilimhurumia, maana alikuwa kama yeye ndiye mwenye kosa.

Kama unaumwa, mwambie aniambie. Kama huumwi, andika hata mistari miwili.

Watu wameanza kuchoma mashamba, usiku milima yote ina mistari ya moto. Romanus amerudi Madaba kufundisha. Niko peke yangu. Nimeanza kupika kikombe kimoja cha mchele na bado kinabaki.

Mama


Namikunda
1 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Siumwi. Nimeandika barua hii mara nne na kuichana mara nne, na leo nimempa Azizi ahadi kwamba akimaliza kupakia gari nitakuwa nimemaliza. Namsikia nje anapanga maboksi.

Fomu ile ni ya uongo. Niliandika mimi.

Asubuhi ile niliwapima wote kwenye ofisi ya parokia kabla ya baraka. Yeye aliingia wa mwisho. Mashine ilisoma mia moja tisini na nane kwa mia moja kumi na sita. Nikamwambia apumzike dakika kumi. Nilipopima tena ilikuwa imepanda. Nikamwambia, "Baba Mkubwa, leo huendi popote, unakwenda hospitali." Yeye akafunga mlango.

"Andika ya mtu mzima," alisema.

"Siwezi."

"Dorine. Nikirudi nyumbani leo nitakaa kwenye kiti pale uani nikingoja kufa, na kila jirani atapita kunipa pole. Niache nikapaue kanisa moja ng'ambo. Moja tu. Kisha nitakunywa dawa zako zote."

"Na ukianguka njiani?"

"Nitaanguka nikiwa safarini. Wewe hutaulizwa."

Nilimpa kidonge kutoka kwenye mkoba wangu, nikamwapisha kwamba atakaa karibu nami, na hata hilo hakulitimiza mpaka Muhukuru. Kisha nikaandika mia moja thelathini kwa themanini. Nimeuguza miaka saba, najua namba ile maana yake nini. Niliandika kwa sababu ni yeye aliyenifundisha kuendesha baiskeli na kwa sababu hajawahi kuniomba kitu. Hiyo siyo sababu ya muuguzi.

Tulifika mpakani saa tisa alasiri. Upande wa kwetu kulikuwa na foleni, Padre akashuka na pasi zetu. Kutoka pale daraja linaonekana. Baba Mkubwa aliliangalia akasema kichwa kinamgonga. Nikamwambia afumbe macho. Alipojaribu kusema tena, maneno yalikuwa yanatoka kama ya mlevi, na mkono wake wa kushoto ukateleza kutoka pajani. Nikajua.

Tulimlaza ubavu kwenye kiti, Padre akarudi mbio, tukageuza gari kuelekea zahanati ya kijiji tulichokuwa tumekipita. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Tukiwa njiani tulipita juu ya kidaraja kimoja cha mbao, pale kwenye kijito kidogo, magurudumu yakavuma. Akafungua macho akaniuliza, kwa shida lakini nilimwelewa, "Tumeshavuka?"

Nikasema, "Tumevuka, Baba."

Tulikuwa tunaupa mto mgongo. Hakusema tena neno lolote. Tulipofika zahanati alikuwa ameshakata roho.

Kwa hiyo lile la kukushukuru kwa yote nalo nilitunga. Hakutuma salamu. Wewe ulinitilia shaka tangu mwanzo, niliona kwenye barua yako.

Na forodha? Ni kweli dawa zilikuwa kwa jina langu. Lakini Padre alisema, "Dorine, tunaweza kungoja wiki." Mimi ndiye niliyesema hapana. Nilishuka kwenye gari lenye mwili wake nikapanda lori, kwa sababu sikuweza kuingia ule ua na kukutazama.

Azizi ananiita. Mwonyeshe Romanus barua hii ukitaka. Sitakulaumu.

Dorine


Majengo
15 Septemba 2024

Dorine mwanangu,

Marahaba. Leo sikupi habari za nyumbani kwanza, zitangoja.

Nilipoisoma barua yako niliiweka chini ya cherehani siku nne. Sikuwa na hasira. Nilikuwa natafuta namna ya kuendelea kuwa mtu uliyemdhania.

Mguu haukuwa unaniuma siku ile.

Wiki tatu kabla ya safari alianguka kwenye shamba la nyuma akipalilia. Nilimkuta amekaa katikati ya mistari, jembe liko kule, yeye anatazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Baada ya muda akasimama. Alikuwa na vidonge vya presha alivyopewa hospitali tangu Januari, akivinywa anapokumbuka. Nikamwambia, "Nakwenda kumwambia Dorine." Akaniapisha. Alisema, "Ukimwambia yule atafunga mlango wa safari, na mimi nitakufungia mdomo mpaka kiama." Nikanyamaza. Wiki tatu nilinyamaza, na wewe ulikuja hapa Jumapili mbili, tukala pamoja, nikakutazama.

Alfajiri ile tuligombana. Nilimwomba asiende. Alikuwa anafunga kamba ya viatu, akacheka. Nikamwambia neno ambalo sijalisema hata kwa padre kitubioni mpaka juma hili. Nilisema, "Nenda. Na ukifia huko, wakuzike huko huko."

Akatoka. Nikawasha moto, nikafagia, na nilipoinua pazia nikaona vidonge vyake dirishani. Alivisahau au aliviacha, sitajua. Nyimbo zenu zilikuwa zinasikika kutoka kanisani. Ni mwendo wa dakika kumi. Nilivaa kanga, nikashika vidonge mkononi, nikafika mlangoni. Kisha nikasema moyoni, hapana, akivitaka atarudi mwenyewe na atanikuta nimekaa. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikasikia lori likiondoka.

Kwa hiyo ulipoandika fomu ile, mimi nilikuwa nimeshaiandika kabla yako. Romanus aliponiletea ile nakala na kusema baba alikuwa mzima, nilijua ni uongo, nikaona nafuu kwamba uongo wenyewe una sahihi ya mtu mwingine. Hilo ndilo baya kuliko yote, na nimekuachia ulibebe tangu Julai.

Juzi Romanus alikuja. Nilimwambia upande wangu wote. Upande wako sikumwambia, huo siyo wangu kuusema. Aliuliza, "Mama, kwa nini?" Ameondoka bila kula.

Sijui kama mtu mwenye kosa anaweza kumsamehe mwenzake. Kama inawezekana, nimekusamehe. Lakini siwezi kukufichia, na wewe usinifichie mimi. Padre Joachim anapaswa kujua. Kazini kwako wanapaswa kujua. Na Romanus anapaswa kulisikia kwa mdomo wako.

Mama yako


Namikunda
29 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nilisoma barua yako nimesimama, mgonjwa mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Padre nimeshamwambia. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja, kama kuna fomu nyingine niliyoibadilisha. Hakuna. Basi akasema kuanzia siku ile Recho atasaini pamoja nami kila ninachoandika, na kwamba atanipa gari nije Songea. Barua ya kazini nimeiandika na anaituma yeye, siyo mimi, ili nisipate nafasi ya kuichana.

Najua unataka nikwambie kwamba hakulichukulia lile neno lako. Ningeweza kuandika kwamba alisema amekusamehe. Nimeshatunga mara moja, inatosha. Hakusema. Alikuwa anatazama lango la kanisa mpaka tulipoondoka, hilo nililiona. Na kile kifurushi ulichomfungia cha viazi vitamu na karanga, tulipofika Muhukuru Recho alimwomba kiazi. Alimnyima. Alikuwa amewagawia watu sigara zake, amewagawia maji, lakini kiazi alimnyima mtoto wa watu mbele ya padre. Akasema, "Hivi nimepikiwa mimi." Alivila vyote peke yake, baada ya ugali. Sijui maana yake. Nakuandikia kama ilivyotokea.

Nitafika Jumamosi ya tarehe kumi na mbili. Mwambie kaka Romanus namwomba awepo.

Dorine


Majengo
3 Novemba 2024

Dorine mwanangu,

Marahaba, na milele amina. Natumaini mlifika salama na mvua hazijawafungia njia. Hapa imenyesha mara mbili na watu wanalima usiku na mchana. Mkewe Romanus amejifungua kabla ya wakati, mtoto wa kike, mdogo kama kopo la maziwa lakini ana sauti. Wote wazima. Wamemwita Verediana, jina la mama yake baba yako mkubwa.

Barua kutoka kazini kwako ilipitia hapa. Nimeifungua, utanisamehe. Wamekusimamisha miezi sita na baada ya hapo utafanya kazi chini ya mtu. Nadhani ulitegemea zaidi. Mimi pia nilitegemea zaidi. Tuipokee.

Sasa Romanus. Siku ile ulipomaliza kumweleza na yeye akatoka nje, wewe ulidhani amekwenda kabisa. Alikuwa nyuma ya nyumba. Nilimkuta amekaa juu ya zile mbao za baba yake, fomu mkononi, analia kama alivyokuwa analia akiwa mdogo, bila sauti. Akaniambia, "Nyie wawili mlijua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na baba mzima." Sikumbembeleza. Nilikaa tu naye. Asubuhi yake ulipoondoka, uliona mwenyewe alivyokubebea begi mpaka kwenye gari bila kukutazama. Dirishani uliniuliza kama amekusamehe. Sasa nakujibu: bado. Lakini alibeba begi, na hakuna aliyemtuma. Jana, Siku ya Marehemu wote, tulikwenda naye makaburini kupalilia na kuwasha mishumaa. Akaniuliza, "Dorine anamaliza lini huko?" Nikamwambia Desemba. Akasema, "Basi msalaba tuuweke Desemba." Akaendelea kung'oa majani.

Kuna jambo moja ulipokuwa hapa sikuweza kulisema kwa mdomo. Usiku ule uliniambia kwamba linalokutesa kuliko fomu ni pale kwenye kidaraja, kwamba hata neno lake la mwisho ulilijibu kwa uongo. Ulisema utakwenda kulitubu nalo.

Nimelifikiria majuma matatu. Fomu ile tutailipia mimi na wewe maisha yetu yote, na ni haki. Lile neno la kunishukuru ulilotunga, nimekurudishia. Lakini la kidarajani usilipeleke kitubioni. Mtu alikuwa mapajani mwako akiuliza kama amefika, na hapakuwa na mwingine wa kumjibu. Mimi ndiye mkewe, ningekuwa pale ningemjibu hivyo hivyo, ila sikuwepo. Ulimjibu kwa niaba yangu. Hilo niachie mimi, ni langu.

Padre anasema kanisa la Namikunda litapauliwa kabla ya Noeli. Wafanye kazi vizuri, kenchi zinyooke.

Njoo Desemba. Kitanda chako nimekitandika.

Mama yako,
Kunegunda